Gari jekundu kwenye ukuta wa karakana ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuendesha gari la Kimarekani, na sidhani kama aliwahi hata kuliegemea moja. Busia nilikokulia, upande wa Uganda, magari yalikuwa Peugeot 504, Land Rover za serikali, na malori ya Bedford na Leyland yaliyokuja yakikohoa tangu Mombasa. Kisha Toyota zikaingia na kufunika kila kitu. Lakini kwenye ukuta wa karakana yake, juu ya pipa la maji ya kulowekea msasa, palikuwa na gari jekundu la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi.

Ulikuwa ukurasa mmoja tu wa jarida. Kwa jinsi Baba alivyosimulia, lori la Mombasa lilivunjika springi mbele ya karakana, dereva na utingo wake wakalala hapo siku mbili. Utingo alikuwa na katoni ya sahani aliyokuwa akimpelekea mtu Jinja, kila sahani imefungwa kwa ukurasa wa jarida kuukuu. Baba akauona ukurasa ule, akauomba. Utingo akasema sahani itavunjika. Baba akampa gunia la kufungia katoni nzima, na sigara mbili juu yake. Akaubandika ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo, ndiyo maana mende walikula pembe moja kabla hajaupaka vanishi.

Gari lenyewe ni Pontiac Bonneville ya mwaka 1963. Limesimama kando ya maji, jua linazama, nyuma yake kuna milingoti ya mashua na mwanamke wa gauni jeupe anayecheka na mtu tusiyemwona. Taa za mbele zimepangwa moja juu ya nyingine, mbili kila upande, na katikati ya grili mna kijipua kinachoigawa mara mbili. Pembeni chini, ndogo kama chungu, kuna herufi nne: AF VK.

Nilidhani ni namba ya gari. Watoto wa Busia tulikuwa tukishindana kukariri namba za malori, na mimi nilijivuna kuwa ninajua namba ya gari lililoko Marekani. Hakuna aliyeweza kunibishia.

Baba aliunda bodi za malori. Mteja alileta kichwa cha lori na chasisi tupu, mgongo wa chuma tu kama samaki aliyeliwa, na Baba alilijengea kisanduku cha mbao na mabati, akalipaka rangi, akaliandika jina nyuma. Hakuchora kwenye karatasi. Alifagia sakafu ya saruji, akanyunyiza maji kidogo vumbi litulie, kisha akachora lori zima chini kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, akitumia uzi na msumari kwa mistari iliyopinda. Mteja alitembea juu ya lori lake kabla halijakuwepo. Wakikubaliana, mbao zilikatwa kwa kuzilaza juu ya mchoro. Lori likiisha, sakafu ilifagiliwa.

Na malori yake yote yalikuwa na alama moja: taa za nyuma zilipangwa mbili mbili, moja juu ya nyingine, kama Bonneville. Mafundi wengine waliziweka zikifuatana kwa upana. Usiku barabara ya Tororo ukiona taa nne nyekundu zimesimama wima, ulijua lori hilo limezaliwa kwetu.

Baba alifariki mwaka 2014. Kaka yangu Wandera alichukua karakana na vifaa, mimi nikaomba ukurasa. Niliubandua kwa wembe na maji ya uvuguvugu kwa saa tatu, nikauleta Kampala ndani ya bahasha ya eksirei.

Mimi ni msanifu wa uchapaji pale Nasser Road. Wasioijua: ni mtaa ambapo Kampala nzima huja kuchapisha kadi za harusi, kalenda za makanisa, vitabu vya risiti, na mabango ya siasa ambayo wino wake haujakauka tayari yako ukutani. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kusogeza vitu milimita mbili. Siku moja umeme uliporudi usiku na wateja wameshaondoka, niliuweka ukurasa wa Baba kwenye skana, kwa ukali wa picha mkubwa kuliko tunaotumia kwa kazi yoyote ya kulipwa. Nilitaka kuurekebisha na kumchapishia Mama nakala safi.

Nilipoukuza kwenye skrini niliona kwanza nilichotarajia, vile vitone vya uchapaji: samawati, majenta, manjano, nyeusi. Hayo ni maisha yangu ya kila siku. Kisha nikafika kwenye bampa, nikasimama. Mpaka kati ya weupe na weusi wa ile kromu, utando wa chuma unaongʼaa, haukuwa wa kamera. Ulikuwa na mwanzo mnene na mwisho mwembamba, kama mkia wa herufi ambayo mtu ameivuta kwa brashi kisha akainua mkono. Nikahamia kwenye taa. Kila taa ilikuwa na duara moja la weupe mtupu lililowekwa kwa pigo moja, na lilikuwa upande usiokuwa na jua. Mwanamke wa gauni jeupe hakuwa na vidole. Alikuwa na alama tatu za rangi ya ngozi ambazo jicho langu lilizigeuza kuwa mkono.

Zaidi ya miaka thelathini niliamini kuwa ile ni picha ya kamera. Ni mchoro. Na AF VK ni sahihi za watu wawili.

AF ni Art Fitzpatrick, VK ni Van Kaufman. Kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 1971 walichora matangazo ya Pontiac pamoja, na kazi waliigawana namna ambayo sijaiona kwingine: Fitzpatrick alichora gari, Kaufman akachora dunia inayolizunguka. Kaufman alikuwa ametokea kwenye katuni za Disney, na ukishalijua hilo unaona kwa nini watu wake wanaonekana wamesimama katikati ya hadithi fulani. Fitzpatrick alianza kama mbunifu wa magari mwenyewe, kwa hiyo alijua bati linapinda wapi na kwa nini. Alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, Posta ya Marekani ilimwomba achore stempu za magari ya miaka ya 1950. Zilitoka mwaka 2005 na nyingine mwaka 2008. Alifariki mwaka 2015. Baba alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja, na hawakujuana hata kwa jina.

Nikafanya jambo la kitoto. Nilitafuta picha halisi ya Bonneville iliyopigwa kutoka pembe inayokaribiana, nikaiweka juu ya mchoro kwenye kompyuta na kuipunguza rangi ili nione yote mawili. Taa za kushoto zilipokutana, za kulia zilikataa. Gari la Fitzpatrick lilizidi kwa pembeni kama mtu aliyepumua akabana. Nikalisogeza, nikalipunguza, wapi. Gari la kweli lilikuwa na upana wa karibu mita 2, ambao tayari unazidi taksi zetu za abiria 14 kwa shibiri nzima na ushee, na bado halikumtosha. Mwaka 1959 Pontiac walikuwa wamesogeza magurudumu nje kwa karibu inchi 5 na kuutangaza huo upana kama dini. Kazi ya mchoraji ilikuwa kuuamini kuliko wahandisi.

Sasa, mtu angesema ni uongo. Mimi nimeshawarefusha shingo maharusi wangapi? Lakini nilitaka kujua uongo huo unafanyikaje kwa mkono, na hapo ndipo nilipotoka kwenye matangazo na kuingia kwenye kitu kingine kabisa: michoro ya ndani ya viwanda, ile ambayo mnunuzi hakukusudiwa kuiona kamwe.

Tangazo huchora gari lililopo. Michoro ya ndani huchora gari ambalo halipo, na mara nyingi halitakuwepo. Katika studio za Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, miaka ya 1940 hadi 1960, vijana waliotoka shule kama Art Center ya Los Angeles au Pratt ya New York walikaa kwenye meza wakichora mchana kutwa: boneti kumi, grili ishirini, pembe moja ya buti mara hamsini. Michoro ilibandikwa kwenye mbao za ukutani, mkubwa akapita, akanyooshea mmoja kidole. Iliyobaki ilikuwa takataka.

Nimeitazama mamia kwa mamia sasa, na kinachonishika ni ile iliyochorwa kwenye karatasi nyeusi. Mchoraji hachori gari. Anachora mwanga unapoligusa, basi. Mstari mmoja mrefu wa penseli nyeupe kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, poda ya chaki imesuguliwa kwa pamba kwenye boneti, tone la rangi nzito nyeupe kwenye ukingo wa kioo, na kila kitu kingine kimeachwa karatasi. Bodi nzima ya upande ni weusi ambao hakuna mkono ulioupitia, na bado unaiona imevimba, unataka kuipapasa.

Nilinunua manila nyeusi nne duka la jirani, penseli nyeupe, na boksi la chaki za shule. Mchoro wa kwanza ulikuwa aibu. Nilijaza. Nilichora milango, vitasa, nikachora hadi vifutio vya kioo. Likatoka gari la watoto wa chekechea usiku. Wa pili nikajikataza kuchora kitu chochote ambacho hakingʼai, na hapo likaanza kuja. Shida kubwa ilikuwa kromu. Kromu haina rangi yake, ni mwizi. Ule mtindo wao ni kuchora ndani ya bampa mandhari nzima iliyobanwa: juu samawati ya anga inayofifia, chini hudhurungi ya ardhi, na katikati mstari mweusi mkali wa upeo wa macho. Jangwa zima ndani ya bampa, hata kama gari limesimama mjini. Nilipoufuata huo utaratibu, kipande cha manila ya shilingi elfu mbili kikageuka chuma mbele ya macho yangu, na nikapiga kelele peke yangu ofisini kiasi kwamba askari wa usiku aligonga mlango.

Kitu kingine nilichokijua kwa kuiga ni mahali macho yanapokaa. Ukisimama kando ya gari kama mtu mzima unaona paa. Wale jamaa waliketi chini: jicho lao liko usawa wa kitovu cha tairi, ndiyo maana gari linakujia kama simba anayenyemelea. Magurudumu wakayakuza, paa wakaliteremsha. Kwa vipimo vya baadhi ya michoro hiyo, abiria wangelazimika kuwa watoto wa darasa la tatu, tena wasio na nywele.

Mtu aliyeuweka utaratibu huu wote mezani alikuwa Harley Earl, na hapa niseme wazi nina upendeleo, kwa sababu Earl alikulia kwenye karakana ya baba yake kama sisi. Mzee wake alikuwa akitengeneza magari ya kukokotwa na farasi huko Los Angeles, kisha akahamia kwenye bodi za magari, na kijana akawa anawaundia waigizaji wa Hollywood magari ya kujionyesha. Mwaka 1927 General Motors, kampuni iliyomiliki Pontiac na Cadillac, walimchukua baada ya kuwabunia gari la LaSalle, wakamfungulia idara ya sanaa na rangi. Wahandisi walimcheka. Alikuwa pande la mtu, anavaa suti za rangi ambazo Nasser Road tungezikataa kuchapisha, na jambo linalonifurahisha ni kwamba yeye mwenyewe hakusifika kwa kuchora. Alikuwa na jicho. Aliwaambia wachoraji wake washushe mstari nusu inchi, akarudi kesho yake akaona kama haukushuka.

Kutoka kwenye karatasi kazi ilikwenda ukutani. Walibandika karatasi ndefu kama ukuta na kuchora gari kwa ukubwa wake halisi, kwa mkanda mweusi wa gundi badala ya kalamu, kwa sababu mkanda unaweza kuuvuta ukapinda, na usipoupenda unaubandua na kuuweka tena. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Chaki, uzi na msumari. Baba!

Kisha udongo. Si huu wa vyungu. Ni udongo wa mafuta unaopashwa moto hadi ulainike, ukapakwa juu ya fremu ya mbao na kukwanguliwa kwa visu maalumu hadi sura itoke. Juu yake walitandaza utando mwembamba uliopakwa rangi ili udongo ungʼae kama bati. Wakubwa wa kampuni waliingia ukumbini, wakaliona gari limesimama tayari, kumbe halina hata injini, na ukilikwaruza kwa kucha linaacha alama.

Mapezi ya mkia, yale mabawa yaliyosimama nyuma ya magari ya Kimarekani, yalitokea kwa njia hiyo. Kabla Marekani haijaingia vizuri kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Earl aliwapeleka wachoraji wake kutazama ndege ya kivita, P-38 Lightning, ile yenye mikia miwili. Hawakuruhusiwa kuikaribia. Waliitazama kwa mbali, wakarudi na kuchora, na mwaka 1948 Cadillac ikatoka na vinundu viwili nyuma kama masikio ya mtoto wa mbuzi. Watu wa Chrysler, kampuni shindani, chini ya mbunifu wao Virgil Exner wakajibu kwa mapezi makali zaidi mwaka 1957, na kufikia mwaka 1959 Cadillac ilikuwa na mapezi yanayofika kiunoni, kila moja limebeba taa mbili kama risasi, kwenye gari la karibu mita 5.7. Mimi siyapendi. Nasema hivi nikijua nitatukanwa. Michoro ya mapezi ya mwaka 1947 ina woga mtamu, mtu anajaribu kitu asichokijua. Ya mwaka 1959 ni ya mtu anayempigia jirani kelele.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 Earl aliajiri wanawake kadhaa, na idara ya matangazo ikawapachika jina la mabinti. Walikuwa wamesomea usanifu sawasawa na wanaume. Wengi wao walipewa viti, vitambaa na rangi za ndani; bodi ya nje ilikuwa ya wanaume. Nilipoanza kazi mahali fulani hapa Kampala, si ninapofanya sasa, niliambiwa mabango makubwa yana vijana wake, wewe dada una mkono mwepesi, chukua kadi za harusi. Kwa hiyo habari za viti na vitambaa nimezisoma kwa makini ya pekee.

Lakini turudi kwenye takataka. Michoro yote hiyo ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ziliiogopa. Mchoro wa gari la miaka mitatu ijayo ukimfikia jirani ni hasara. Gari likishatoka, mchoro hauna kazi. Kwa hiyo michoro ilichanwa na kuchomwa kwa maelfu. Iliyobaki leo, sehemu kubwa yake ilibaki kwa sababu wachoraji waliiiba. Walikunja karatasi wakazificha ndani ya bitana ya koti, wakapita mbele ya walinzi na kuaga vizuri.

Sisi wa Busia tuna neno la shughuli hiyo. Magendo. Bibi yangu alivusha kahawa kwa baiskeli enzi za Amin, usiku, kwenye mji ulioipa dunia neno boda boda, na alizeeka bila kujuta hata kidogo. Detroit nayo ni mji wa mpakani, ng'ambo ya mto ni Windsor ya Kanada, kwa hiyo labda kuna kitu kwenye maji ya mipakani. Michoro ile ya magendo ilikaa kwenye maboksi chini ya nyumba miaka arobaini, hamsini, hadi wenyewe wakafa au wakahama na watu wakaanza kuinunua. Mwaka 2020 jumba la sanaa la Detroit liliitundika kwenye kuta zake, sambamba na magari yenyewe, katika maonyesho ya usanifu wa magari wa mji huo tangu mwaka 1950.

Katika kutafuta michoro hiyo ndiko nilikokutana na mtu ambaye sasa ana sehemu yake kwenye ukuta wa chumba changu. McKinley Thompson, mtu mweusi, alizaliwa New York mwaka 1922. Akiwa mtoto, mwaka 1934, aliliona gari la DeSoto Airflow la rangi ya fedha barabarani, na wakati huo huo mawingu yakaachana, jua likaliangukia gari lile peke yake. Alisimulia kisa hicho hadi uzeeni. Tazama alichokiona: mwanga ukigusa bati. Alikuwa ameshaanza kuchora na bado hajashika penseli.

Alishinda shindano la jarida la magari, zawadi ikawa ni kusomeshwa Art Center, na mwaka 1956 akaingia Ford, mbunifu wa kwanza mweusi katika kampuni hiyo. Kuna mchoro wake wa mwaka 1963 wa gari la porini, dogo, la mraba, magurudumu yametoka nje, linatimua matope kwenye mteremko. Ukiona Bronco ya mwaka 1966 unaona mchoro ule ukiwa umesimama. Hakuna kromu ndani yake. Kuna matope, na matope ameyachora kwa furaha.

Kisha akachora gari kwa ajili yetu. Nasema kwetu kwa maana ya Afrika, na nchi nyingine za hali kama zetu. Aliliita Warrior. Wazo lilikuwa gari jepesi, rahisi, la barabara mbovu, lenye bodi ya plastiki iitwayo Royalex badala ya bati, ili liweze kuundwa katika kiwanda kidogo ndani ya nchi yenyewe na kuwapa watu kazi huko huko. Ford walilikataa mwaka 1967. Thompson hakuliacha, yeye na marafiki zake walichanga fedha zao, wakakodi gereji Detroit, wakaliunda moja kwa mikono yao. Fedha za kuendelea hazikupatikana. Gari hilo moja lipo leo katika jumba la makumbusho la Henry Ford, karibu na Detroit. Plastiki ile ile watu wa kule walikuja kuitumia kutengenezea mitumbwi, jambo ambalo wajomba zangu wavuvi wangelielewa upesi kuliko gari.

Nimewaza sana Warrior ingefika Busia ingekuwaje. Plastiki haili kutu. Na kutu ndiyo iliyotusomesha mimi na Wandera: mvua ya ziwa, mabati yanayooza, mteja anarudi kila baada ya miaka mitatu. Thompson, kwa moyo wake mwema wote, angetufilisi. Hata hivyo ningelipenda kumwona Baba akilizunguka lile gari, anagonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Wanafunzi wa Makerere walipotoa Kiira EV mwaka 2011, gari dogo la umeme la kijani la watu wawili, alikata picha yake gazetini, akaitazama siku mbili, kisha akasema tu, "Pembe ya nyuma wameiogopa." Sijui alimaanisha nini. Lakini nimeitazama ile pembe ya nyuma mara nyingi.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Nilikuwa nimemchapishia Mama ukurasa wa Bonneville, safi, pembe iliyoliwa na mende nimeichora upya. Akautazama, akaniuliza ule wenyewe uko wapi. Nikamwambia uko Kampala. Akasema basi huu nitampa mchungaji.

Jioni nikaingia karakana. Wandera ana mashine ya kuchomelea mpya na vijana watatu, lakini bado anachora chini. Sakafuni palikuwa na bodi nzima ya Fuso kwa chaki, mita sita na zaidi, pembe za mbele zimeviringwa kwa uzi na msumari kama tulivyofundishwa. Nilipanda juu ya benchi nikaanza kupiga picha kwa simu.

"Unapiga picha sakafu, dada?" Wandera akacheka. "Kampala kumeisha vitu?"

Kijana mmoja wake, ana miaka kama kumi na saba, alikuwa amechuchumaa kwenye mkia wa lori akimalizia taa. Alichora duara moja, akapima kwa shibiri, akachora la pili juu yake. Akahamia upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Nilimuuliza kwa nini moja iko juu ya nyingine.

Akanitazama kama vile nimemuuliza kwa nini tairi ni duara. "Ndivyo zinavyokaa," akasema. Kisha akachukua ufagio na kufagia upande wa kushoto, ambao mbao zake zilikuwa zimeshakatwa.